Benchi la Chini ya Joka

Tarehe 9 Januari

Shangazi yangu, shikamoo. Na usiitikie kwa ile sauti ya kununa, naisikia mpaka huku.

Najua nimekawia kuandika, lakini mtu mkubwa ana majukumu. Mgongo unaendeleaje? Cherehani bado inakohoa ukiikanyaga? Na yule kinyozi jirani yetu bado ananyoa watu masikio? Msalimie. Mwambie huku nimepata kinyozi anayejua kichwa kinaishia wapi.

Mimi nipo, nimenenepa, nikipita watu wanageuza shingo. Kazi nimepata, tena si ya kubeba zege. Niko kwenye bustani ya michezo. Kuna mabembea ya umeme, farasi wa mbao wanaozunguka, gurudumu kubwa lenye vikapu vya kukalia watu, na kuna Joka. Joka ndilo lenyewe. Ni reli, Shangazi, lakini reli iliyopagawa. Inapanda mpaka juu ya mapaa yote, halafu inateremka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, inajikunja, inapinduka, inarudi ilikotoka. Watu wazima na akili zao wanapanga foleni juani ili wakapige mayowe humo. Mimi ndiye mkuu wa mizigo wa Joka. Bila mimi halitembei.

Chumba nimepewa bure, nyuma ya karakana. Kina vitanda vinne na vyote vyangu, maana niliowakuta wameacha kazi na wapya hawajaja. Nani kwenu ana vitanda vinne? Leo nalala hiki, kesho kile, nikichoshwa na ukuta nahamia kwenye ukuta mwingine. Asubuhi nasema habari za kuamka, halafu najijibu mwenyewe nzuri, maana nimelelewa na mtu mwenye adabu.

Njoo utembee. Ni siku mbili tu kwa basi, na vitanda unaviona vilivyo.

Mwanao,
Chiriku, na mdomo ulionipatia jina hilo bado ninao


Tarehe 3 Februari

Wewe Chiriku,

Marahaba, na nimeitikia kwa sauti ileile.

Mgongo upo nyuma, mahali pake. Cherehani imepumzika kidogo na mimi nimepumzika nayo. Kinyozi anasema masikio yako yalikuwa mapana mno, wembe ulikosa pa kupita. Paa la jikoni lilivuja, mtu amepanda ameziba. Yule binti wa duka la mkaa ameolewa. Usijifanye hujauona mstari huo.

Sasa hilo la ukuu wa mizigo nimelirudia kulisoma. Watu wakipanda hilo dude lao wanakuachia wewe mikoba na viatu, si ndiyo? Mimi nimekulea, usinipambie mambo. Kushika kitu cha mtu kikamrudia mwenyewe ni kazi ya maana. Ishike vizuri.

Unaona herufi zangu zimekuwa kubwa. Kalamu ni mbaya, inataka nafasi. Lakini barua ndiyo nzuri, simu ikikatika imekatika, barua naichukua tena kesho nikitaka.

Nimekushonea shati la bluu, linakuja pamoja na barua hii. Ukiliona lina kasoro, vaa unyamaze.

Kuhusu kuja. Nije kufanya nini huko? Magoti yangu hayapandi hata ngazi ya mlangoni bila kulalamika. Ukiliondoa hilo Joka lako na mabembea yake, hapo panabaki nini cha kumtoa mtu nyumbani kwake? Nijibu hilo kwanza, ndipo tuzungumze safari.

Na mbona hukusema kama wewe mwenyewe umewahi kulipanda?

Shangazi yako


Tarehe 21 Februari

Shangazi mshonaji wa washonaji, shikamoo.

Shati nimelipata, limenikaa kama nimezaliwa nalo. Ila mfuko! Mfuko wa kifuani umeushona pande zote nne, hata kidole hakiingii. Wenzangu wa getini walinicheka mpaka wakashika ukuta. Nikawaambia nyinyi washamba, huu ndio mfuko wa kisasa, mwizi aje na msumeno. Sasa kuna mmoja ananiuliza fundi wako anakaa wapi. Nimenyamazishwa nisiseme kasoro, sisemi. Nauliza tu, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?

Swali lako nimelibeba siku kadhaa. Nilimpelekea mzee wa grisi, yule anayepaka mnyororo wa Joka mafuta, mtu asiyesema neno mpaka umlipie chai. Akaniambia, "We kijana, Joka ni dakika mbili. Mtu anakaa hapa kutwa. Hizo saa nyingine anafanya nini?" Halafu akanywa chai yake akaondoka.

Basi nikafungua macho. Shangazi, bustani hii ingekuwa na Majoka matano bila kivuli, watu wangeondoka kabla ya adhuhuri. Kuna mabomba ya maji ya kunywa ya urefu wa mtoto na ya urefu wa mkubwa. Kuna mama mmoja wa kupaka rangi. Kila asubuhi anampaka farasi mmoja wa mbao, akimaliza wa mwisho wa kwanza ameshachubuka, anaanza upya, hajawahi kumaliza na wala hanuni. Vyoo vinasafishwa mpaka unaweza kumwingiza mkwe. Kuna kibanda cha watoto waliopotezana na wazazi, na mlinzi wake akikuta mtoto analia, analia naye kidogo kwanza, ndipo anamuuliza jina.

Lakini bora ya yote ni benchi langu. Liko chini ya Joka, limezunguka nguzo, ndipo wanapokaa wasiopanda. Bibi mwenye mtoto mgongoni. Mume mwenye kizunguzungu. Mjamzito. Wanashika kofia za wenzao, wanaangalia juu, na gari likifika kileleni wanapunga mikono. Na wale wa juu, Shangazi, nimewaangalia vizuri. Watu wako karibu kudondoshwa kama gunia, roho iko mkononi, na bado wanachungulia chini kumtafuta mtu wao. Wakimwona wanapiga kelele za furaha. Wasipomwona wanapiga kelele tu.

Kuna wanaokuja peke yao. Hao mkoba wao nashika mimi, na wakifika juu napunga mimi. Haimo kwenye maelezo ya kazi yangu. Mmoja alishuka akaniuliza, "Tunajuana?" Nikamwambia, "Bado."

Basi hilo ndilo jibu. Nafasi yako benchini ipo. Njoo kabla hatujafunga msimu mwezi wa saba.

Kulipanda mimi, bado. Nikipanda nani atanishikia kofia?

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 28 Machi

Shangazi, shikamoo. Hii ni barua ya kukumbusha ile barua.

Posta nimekwenda kila siku ya mapumziko. Karani wa pale akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani, na juzi alinipa pipi kama mtoto aliyeanguka. Nikaila, lakini kwa hasira.

Umenuna kwa sababu ya mfuko? Nakuapia, ni mfuko mzuri. Au umepata mpangaji mzuri zaidi yangu? Mwambie kitanda changu kina ubao uliopasuka upande wa kushoto, asije akajidai hakuambiwa.

Huku hakuna jipya. Mmoja wa wapya alikuja, akalala kitanda cha mlangoni wiki moja, akapata kazi kwingine. Alikuwa anakoroma vibaya sana. Nilikuwa nishamzoea.

Andika hata mstari. Hata matusi.

Chiriku


Tarehe 15 Aprili

Kwa mpendwa Chiriku,

Shangazi yako anasema niandike marahaba. Anayeandika ni mimi kinyozi wako, kwa mkono uleule uliokunyoa masikio. Yeye amekaa kwenye kiti cha wateja, anasema maneno, mimi naandika. Anasema mkono una uvimbe kidogo, ndiyo maana.

Anasema hajanuna. Anasema mpangaji hana. Anasema barua zako zimefika zote na ukome kuzoea kula pipi za karani. Anasema amefurahi kusikia habari za mama wa farasi na anamwelewa sana. Kwamba safari haiwezekani, ana kazi nyingi, nguo za harusi zimejaa mpaka mlangoni, na wewe mwenyewe usiondoke kazini kwa sababu yoyote. Hilo la mwisho amelisema kwa kupiga mkono wa kiti.

Hapa amekwenda kuzima jiko, amesahau kama amelizima. Naandika haraka. Kijana, nguo za harusi hazipo. Shati lako ndilo la mwisho, alipomaliza akaifunika cherehani shuka. Ni macho. Katikati kumeingia ukungu, pembeni bado anaona kidogo. Daktari kasema ukungu huo haurudi nyuma, unakwenda mbele tu, na mwakani huenda asione hata mwanga wa dirisha. Mkono hauna uvimbe wowote. Barua zako namsomea mimi hapahapa. Ile ya benchi ameniambia niirudie mpaka mteja mwenye povu usoni akauliza kama humu ni kwa kinyozi au ni redio. Anatamani kuja, nakuapia. Lakini anaogopa ukimwona utafunga mizigo urudi kumshika mkono barabarani, na yeye hataki kushikwa mkono, alivyo unamjua. Anarudi.

Anasema jiko lilikuwa limezimwa. Anakutakia heri.

Shangazi yako, kwa mkono wa kinyozi


Tarehe 30 Aprili

Shangazi, shikamoo, na kinyozi usiruke mstari hata mmoja.

Nimefurahi kusikia una kazi nyingi. Na mimi nina nyingi kukushinda. Kwanza nikutangazie jambo. Huku sitoki. Hata mniletee magari ya kunifuata, hata ulie kwa sauti, nyumbani sirudi. Nina vitanda vinne, nina cheo, nina shati lenye mfuko ambao nchi nzima hawana. Kwa hiyo usiwe na wazo la kunibembeleza nirudi, utajisumbua bure.

La pili, nimefanya ukaguzi wa bustani. Niliwaza hivi, watu wote wanaiangalia hii bustani, nani amewahi kuisikiliza? Basi kabla ya kufungua nikajifunga skafu machoni, nikaanza kutembea kutoka getini. Usicheke.

Hatua chache tu nikaikumbatia mashine ya bisi. Nikaomba radhi, nikidhani ni mtu. Harufu ya bisi inakwenda mpaka kwenye kona ya farasi, ukiifuata hupotei. Farasi wana kengele, na sakafu yao inalia kama kitanda cha mgonjwa, unajua umefika. Pale nikamgonga mama wa rangi. Akasema, "We mtoto umeanza kulewa saa hii?" Kwa hiyo shati lako sasa lina bega jekundu, lakini mfuko mzima. Ukipita hapo unasikia maji ya bomba, halafu ubaridi wa kivuli unakushika usoni, ndio ujue benchi liko mbele. Nikakaa.

Mzee wa grisi alikuwa analijaribu Joka. Kila asubuhi linatembezwa gari moja tu, limejazwa mifuko ya mchanga badala ya watu, kuona kama breki zinashika. Shangazi, nimekaa chini ya Joka miezi yote hii na sikuwahi kulisikia. Mnyororo unapandisha gari ka-ka-ka-ka-ka, polepole, unakuingia mpaka kwenye meno. Halafu unanyamaza. Gari limefika juu, mnyororo umeliachia, na bado halijaanguka. Ukimya wake ni mfupi kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Halafu ndiyo radi. Nakwambia, kitu kikubwa cha bustani hii si radi. Ni ule ukimya. Na huhitaji kuwa na macho ya kuuona, maana hauonekani.

Kwa hiyo asiyekuja huku amekosa. Sikukaribishi tena, nimekuarifu tu.

Chiriku


Tarehe 17 Mei

Chiriku,

Kinyozi amekuambia. Mtu mwenye akili timamu hajifungi kitambaa machoni akakumbatia mashine bila sababu. Nimemnunia kinyozi siku nzima, halafu nikakosa wa kuniandikia, nikamsamehe.

Nakuja. Nikishuka kwenye basi usinipokee kama mzigo. Ninyooshee kiwiko, nitakishika nikitaka.

Shangazi yako


Tarehe 25 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama. Kondakta alinishusha mbele ya mlango wangu kabisa, sijui ulimwambia nini maskini wa watu, alikuwa ananiita mama kila dakika. Nyumba nimeikuta ilivyo. Vumbi lipo, naligusa, sioni limefika wapi.

Nasema na kinyozi anaandika, na nimemwambia asiongeze lake. Kuna mambo sikukwambia kule kwa sababu ulikuwa unaongea wewe, na ukianza nafasi hakuna.

Siku ile uliponipa kofia yako niishike ukaenda kupanda, ulikuwa umenizoesha vizuri, nilijua niko wapi. Nyuma nguzo, mbele maji, kushoto bisi. Nikaushika ule mnyororo kwa masikio. Uliponyamaza nikapunga. Likapita gari na mayowe yake. Kumbe hukuwa humo. Mzee wa grisi akanigusa bega, "Mama, huyo siye." Mnyororo ukaanza tena, ukanyamaza, nikapunga. "Mama, huyu pia siye, foleni ni ndefu." Nikamwambia mzee, mimi katikati sioni, na nikisubiri uniambie huyu ndiye atakuwa ameshapita. Na hao wengine nao wana shangazi zao mahali. Akakaa. Kwa hiyo niliyapungia magari yote. Kofia mkono huu, mkono huu juu. Kwapa liliniuma mpaka juzi.

Uliposhuka ulikuja mbio ukaniuliza, "Umeniona?" Nikasema nimekuona. Wewe ukanyamaza, na wewe si mtu wa kunyamaza. Nikajua umeelewa.

Nilitaka kuwahi kuja kabla ukungu haujafunga. Nimekuona mara moja tu, getini, kwa pembeni, ulipogeuka kumfokea mchukuzi aniachie mkoba wangu. Bega jekundu. Umerefuka. Nimelihifadhi hilo, linanitosha.

Huo mfuko niliambiwa kuna fundi hapo anaweza kuufumua. Ukitaka, mpe.

Sasa nakuuliza jambo moja, na usinijibu kwa utani. Mimi nimeondoka. Kofia yako anaishika nani?

Shangazi yako


Tarehe 14 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu uliniambia nisijibu kwa utani, na nikiuondoa huo sina maneno mengi.

Bustani tumeifunga. Farasi wamefunikwa maturubai, vikapu vya gurudumu vimeshushwa, mama wa rangi amekwenda kwao, na kibanda cha watoto kimetiwa kufuli. Tumebaki mimi, mzee wa grisi, na mlinzi wa getini ambaye analala. Majani yanaangukia benchini, nayafagia, ingawa hakuna wa kukaa. Chumbani bado vitanda vinne. Siku hizi nalala kimoja tu, kile ulicholala wewe.

Mfuko sijaufumua. Fundi alikuja na mkasi wake nikamfukuza.

Lakini Joka halifungwi, Shangazi. Likikaa linashika kutu. Kila asubuhi lazima litembezwe gari moja. Mzee wa grisi aliniambia kubeba mifuko ya mchanga kumemchosha mgongo, kwamba mimi na uzito wangu na mdomo wangu tunatosha mifuko miwili. Basi napanda mimi. Kofia naiacha benchini, juu yake naweka jiwe.

Kule juu, mnyororo ukinyamaza, naona mbali sana. Naona barabara ya mabasi mpaka inapoishia. Upande ule ndio wa kwenu, nimemuuliza mlinzi alipokuwa macho. Nikifika hapo nageukia upande huo, napunga. Mkono mmoja tu, mwingine nimeshika chuma, sijawa mwendawazimu.

Ni asubuhi, wakati kinyozi anafungua mlango wake. Ukilisikia bati la mlango wake, toka nje kizingitini, na wewe upunge. Usijisumbue kuuliza ni gari lipi. Saa hiyo gari ni moja tu.

Mwanao,
Chiriku